Kila Jumatano Mama Huyu Husahau Miwani

Shikamoo mama,

Bwana asifiwe. Nakuandikia kutoka Tanga mjini. Nina miaka thelathini na nane, nimeolewa, na kazi yangu ni kuandika mahesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka jana mchungaji alinikabidhi darasa la Biblia la watu wazima. Tunakutana Jumatano saa kumi na moja jioni nyuma ya kanisa, chini ya mwarobaini; mvua ikitukuta tunahamia ukumbini. Wanaokuja ni watu wa kawaida kabisa: wauza samaki wa Deep Sea, kijana mmoja wa bandarini, fundi baiskeli, akina mama wa Makorora na Mikanjuni, wanachuo wawili watatu, na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye sote tunamwamkia.

Nilikuta utaratibu wa zamu, nikauendeleza. Tunakaa duara, kila mtu anasoma mstari mmoja kwa sauti, anafuata jirani yake, mpaka sura iishe. Kisha nauliza maswali na watu wanachangia.

Yupo mama mmoja, umri umeshasogea, anauza mbaazi na maandazi asubuhi karibu na kwetu. Amezaliwa kambini kwenye mashamba ya mkonge. Wazazi wake walitoka bara kuja kukata mkonge. Kwa mahudhurio hana mpinzani. Anafika wa kwanza, anafagia majani, anapanga mabenchi, Biblia yake kubwa kaiviringisha kwenye kipande cha khanga. Ila zamu ikimfikia anapapasa mkoba, anatabasamu: "Leo tena miwani nimeiacha nyumbani, endelea wewe mwanangu." Jirani anasoma, tunaendelea. Ndivyo ilivyokuwa kila Jumatano, na mimi sikulitilia maanani.

Siku hiyo tulikuwa kwenye Zaburi ya 121. Zamu ikamfikia, mstari wa tano, akasema habari ya miwani. Mwalimu mstaafu akavua ya kwake, akainuka, akampelekea. "Vaa hii mama, leo usome." Watu wakanyamaza. Mama akaivaa, akainamia kitabu, kidole kikatembea polepole kwenye ukurasa, halafu akasema kwa sauti nzuri, bila kukwama: "Bwana atakulinda na mabaya yote, atakulinda nafsi yako." Akaendelea hadi mwisho wa zaburi. Mwalimu akasema, "Umeruka, mama. Huo ni wa saba. Wewe ni wa tano." Wanachuo wawili wakacheka, mmoja akajifanya anakohoa. Mama akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili na kusema asante. Akakaa nasi mpaka sala ya kufunga. Tangu hapo hajaonekana darasani, na Jumapili siku hizi anakwenda ibada ya asubuhi sana ambayo hakuwa na kawaida nayo. Biblia yake aliisahau kwenye benchi, ninayo kabatini.

Nikienda kununua mbaazi ananihudumia vizuri, anawaulizia watoto, ananiongezea tui. Habari ya darasa haigusi, na mimi nashindwa kuianza.

Mwalimu anasema mficha maradhi kifo humuumbua. Amejitolea kufungua darasa la kusoma na kuandika, bila malipo, na ameshamwomba mchungaji atangaze Jumapili kwamba wote wasiojua kusoma wajiandikishe kwake. Mchungaji amelipenda wazo hilo. Pia hataki zamu iondolewe: anasema bila zamu watu watakuja kusinzia, na kwamba anataka waumini wanaosoma Neno wenyewe. Mimi nimeanza kuona mambo ambayo sikuyaona. Yule fundi baiskeli, kwa mfano, siku zote anafika usomaji ukiwa umekwisha. Nilidhani ni kazi.

Je, nimwendee huyu mama nimwambie tunajua na hatumcheki? Tangazo litolewe? Na zamu niiondoe vipi bila kumvunjia mwalimu heshima, maana ni mkubwa kwangu na ndiye aliyemfundisha mume wangu darasa la tatu? Mwezi ujao tunaanza Waefeso.

Kiongozi wa Jumatano, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Amina.

Naanza na tangazo kwa kuwa Jumapili haiko mbali: lizuie. Usimtumie mchungaji ujumbe wa simu, nenda ukakae naye. Hakuna mtu mzima atakayeinuka mbele ya kanisa zima, mkwewe yuko benchi la pili na wateja wake benchi la nyuma, akaandikishe jina kwenye orodha ya wasiojua. Kitakachotokea ni shingo kugeuka kumtafuta mama wa miwani. Maana habari ya Jumatano ile imeshatembea mjini, msijidanganye.

Sasa nirudi kwenye jambo ambalo barua yako imelipita mbio. Hujui kama mama huyu hajui kusoma. Umehisi. Mwalimu naye amehisi, na wanachuo wamecheka kwa hisia hiyohiyo. Mtu wa umri wake, hata angekuwa amemaliza darasa la saba, hazioni tena herufi za karibu kama zamani; ukishavuka arobaini hilo linatupata karibu sote. Na miwani si kandambili, kwamba ukiazima ya mwenzio unatembea nayo tu. Ya mwalimu imepimwa kwa macho ya mwalimu, na pengine ni ya kuonea mbali. Umvishe mtu miwani isiyo yake, jioni, kwenye kivuli cha mwarobaini, herufi ndogo za Biblia, watu wote wamemkodolea: hata mimi ningesema kile nilichonacho kichwani. Inawezekana hajui kusoma. Inawezekana anajua kidogo, kwa kuunga herufi moja moja, na anaona haya kufanya hivyo mbele ya watoto wa chuo. Inawezekana haoni.

Nakuomba usitafute kujua. Darasa la Biblia halina haja ya kujua nani anasoma na nani hasomi. Darasa lako lilikuwa linamlazimisha mtu alitangaze jambo hilo kila wiki, naye kila wiki akawa analipa kiingilio cha uongo mdogo ili aruhusiwe kukaa. Usishughulike na siri yake. Shughulika na utaratibu unaoifukua.

Kwa hiyo la kumwendea na kumwambia "tunajua, wala hatukucheki", hapana. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Huyu amechutama, ndiyo maana ya ibada ya alfajiri na tui la nyongeza. Ukimwambia mnajua, unamtaka asimame na nguo hujampa.

Nenda, lakini nenda na shughuli nyingine. Mpelekee Biblia yake. Uipeleke mwenyewe, nyumbani kwake, jioni, si pale mezani kwenye mbaazi, na usimtume mtoto, kwa sababu Biblia ikiletwa na mtoto itaonekana ni mizigo ya mtu aliyefukuzwa. Iwe imefungwa na khanga yake vilevile. Mwamkie, kaa, kunywa chai atakayokupa, ongeeni ya watoto. Kisha mwombe kazi. Kufagia majani ameshafagia vya kutosha. Mwombe Jumatano ijayo awafungulie darasa kwa Zaburi ya 121, kwa moyo, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Zaburi hiyo ni mojawapo ya nyimbo za kupanda mlima, zile kuanzia ya 120 hadi ya 134, ambazo mahujaji wa Kiyahudi waliziimba wakipanda kwenda Yerusalemu kwenye sikukuu. Watu wale hawakuwa na kitabu mkobani. Gombo lilikuwa kitu cha thamani. Msafiri alibeba wimbo kifuani. Katika duara lenu lote, aliyeibeba zaburi kama wenyewe walivyoibeba alikuwa mmoja, na ndiye mliyemwambia ameruka. Hilo linaniudhi kuliko habari ya miwani. Alipewa mstari mmoja, akawapa zaburi mpaka mwisho wake, nanyi mkaona namba tu.

Akikataa, usimbembeleze. Mwambie tu, katikati ya maneno mengine, kwamba siku hizi hamsomi tena kwa zamu, halafu uyaache hapo. Atakuja au hatakuja. Ni mtu mzima.

Wale wanachuo waite pembeni, waambie kwa lugha ya dada mkubwa. Msamaha wa hadharani usithubutu. Huko ni kumtonesha. Waende siku moja wanunue mbaazi, wamwamkie kama anavyostahili, yatosha.

Tuje kwenye zamu, ambayo ningeiondoa hata kama darasa lako lote lingekuwa la maprofesa. Chunguza Jumatano hii uone watu wanafanya nini. Mtu wa sita hamsikilizi wa kwanza, anahesabu vidole kutafuta mstari wake. Akishaupata anausoma kimyakimya mara mbili tatu asije akakwama. Akishausoma kwa sauti anashusha pumzi, na hapo ndipo anaposinzia, maana lake limekwisha. Mchungaji anaogopa usingizi bila zamu, mimi nasema zamu ndiyo mto wa kulalia.

Na Waefeso ndiyo itawaumbua kabisa. Sura ya kwanza, kuanzia mstari wa 3 mpaka wa 14, katika Kiyunani alichoandika Paulo ni sentensi moja. Moja tu, ndefu, inapanda na kushuka. Namba za mistari hakuziweka yeye. Zile tunazozitumia katika Agano Jipya zilitoka kwa mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Kwa utaratibu wako, sentensi hiyo itagawanywa kwa watu kumi na wawili, wa kwanza ana Union Version ya mwaka 1952, wa pili ana Habari Njema yenye maneno mengine, wa tatu anasoma kwenye simu na kioo kimejizima. Ikifika kwa muuza samaki, nani atakuwa bado anakumbuka Paulo alianza kusema nini? Barua zile ziliandikwa zisomewe watu wamekaa pamoja. Mwishoni mwa Wakolosai Paulo anaagiza hivyo waziwazi: mkiisha kusomewa ninyi, hakikisheni inasomwa na kwa Walaodikia. Wengi wa waliozisikia mara ya kwanza hawakuwahi kuwa na nakala yao maishani.

Fanya hivi. Jumatatu mpe mtu mmoja sehemu ya kusoma, aliyekubali mwenyewe, aipitie nyumbani mpaka aielewe. Jumatano aisome yote, taratibu, kwa tafsiri moja. Halafu uliza, "Mmesikia nini?" na mwache mmoja asimulie kwa maneno yake alivyoelewa, wengine wajazie pale aliposahau. Kisha isomwe tena. Mara ya pili utashangaa watu wanavyoinua vichwa wakisikia kile ambacho mwenzao alikiacha. Anayetaka kufuata kwa kidole kwenye Biblia yake afuate. Anayetaka kuifunga aifunge. Hakuna wa kumwangalia mwenzake. Nakuonya mapema, wasimuliaji wazuri hawatakuwa wale unaowatarajia. Watu ambao maisha yao yote wameshika mambo kwa kusikia, bei, madeni, safari, koo na ukoo, hawapotezi kitu. Na kama usingizi utabaki, kumbuka kwamba muuza samaki ameamka usiku wa manane. Wekeni chai na maandazi. Mnamjua mpishi.

Kwa mwalimu, nenda na shikamoo yako na maneno ya "mwalimu, naomba ushauri wako", na uyamaanishe. Usimhukumu kwa ile miwani. Aliivua usoni mwake akampa mtu, nia haikuwa mbaya. Lakini mkumbushe *Mtu ni Afya*. Mwaka 1973, Radio Tanzania ilipokuwa ikirusha kampeni ile, watu wazima kama milioni mbili nchi nzima walikuwa wanakaa kwenye vikundi: redio katikati, kijitabu mkononi mwa kiongozi, wanasikiliza, wanajadiliana, kisha wanakwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kwa umri wake atakuwa anaikumbuka vizuri. Kiini cha vikundi vile kilikuwa kusikiliza na kuzungumza. Kisomo nacho kilikuwepo miaka hiyohiyo, tangu mwalimu mwenzake, Nyerere, alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, lakini hakuna aliyesema mtu asianze kujadili afya ya kijiji chake mpaka ajue kwanza kusoma. Ni kazi mbili. Yeye amezichanganya Jumatano moja, na wewe ulimwachia.

Darasa lake la kusoma na kuandika ni jambo jema na nisingependa life. Lifanyike siku nyingine, mahali pengine kidogo, lisiwe na jina lenye "wasiojua" ndani yake, na liingiwe kwa kunong'onezana, mtu kumleta mwenzake. Aende na kwa ofisa elimu wa kata akaulizie MUKEJA, ule mpango wa elimu ya watu wazima; asianze peke yake kama vile hakuna aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Na kuhusu methali yake: ni kweli maradhi hayafichwi, lakini huambiwa mganga, hayatangaziwi soko. Mpe mwalimu nafasi yake pia ndani ya Jumatano. Sauti ya mwalimu wa shule ya msingi haizeeki. Awe msomaji wa wiki ya kwanza ya Waefeso, na alete ramani. Efeso ulikuwa mji wa bandari, leo magofu yake yako Uturuki, na nina hakika kijana wako wa bandarini atakuwa na la kusema kuhusu mji unaoishi kwa meli na wageni. Mzee akiwa na kazi ya maana mkononi hapati muda wa kusahihisha mistari ya wenzake.

Fundi baiskeli muache. Usimuulize kwa nini huchelewa, usimpongeze siku akiwahi.

Mchungaji utamshinda kwa Biblia yenyewe. Msomee Nehemia sura ya 8: Ezra anasoma torati mbele ya Lango la Maji tangu asubuhi mpaka adhuhuri, watu wote wamesimama wanasikiliza, wanaume kwa wanawake, na Walawi wanawaeleza maana mpaka wakaelewa. Hapana mahali Ezra alipomwambia mtu, "Sasa wewe, wa tano." Walilia, wakala, wakanywa, wakapelekeana sehemu. Waumini wanaosoma wenyewe atawapata kupitia darasa la mwalimu, polepole. Akitaka kitu cha kuandika kwenye ripoti, mwandikie mahudhurio.

Na kwa kuwa alishajiandaa kutangaza jambo Jumapili, mpe la kutangaza. Ongeeni na kliniki ya macho ya hospitali mnayoiamini, mpange siku moja wataalamu waje hapo ukumbini, kila aliyevuka arobaini apimwe, kanisa lichangie miwani ya kusomea kwa asiyeweza kununua. Jina la kwanza kwenye orodha hiyo liwe la mchungaji mwenyewe, na la pili la mwalimu, tujue na ile miwani yake ina nguvu gani.